Kuchati kwa mistari: kuingia IRC ukiwa Tanga na bando dogo

Vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Tanga huniuliza swali lilelile kwa namna mbalimbali: mtu akikwama saa nne usiku, mwalimu kashalala, amuulize nani? Jibu langu huwa haliwavutii mwanzoni, kwa sababu ni kitu cha mwaka 1988. Kinaitwa IRC, yaani Internet Relay Chat, kuchati kwa maandishi. Alikianzisha Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, Agosti mwaka huo, na hadi leo watu wa Debian (aina mojawapo ya Linux), wa Wikimedia na wa miradi mingi ya programu huria wanakutana humo kila siku. Hakuna picha, hakuna sauti, hakuna tiki mbili za bluu. Ni maandishi tu, na ndiyo maana bando halilii: mistari 1,000 yenye herufi 100 kila mmoja ni kama kilobaiti 100 za maneno, na picha moja tu ya simu kwa kawaida inazidi hapo mara kadhaa.

Kuna jambo moja la kulishika kabla hujabonyeza chochote. Seva ya IRC kazi yake ni kupitisha. Inapokea mstari wako, inaupeleka kwa waliopo dakika ile, kisha imemalizana nao. Haikuwekei. Ni sawa na baraza la nje ya nyumba: aliyekuwepo ndiye aliyesikia, na ukitokea baada ya magharibi huwezi kudai urudishiwe maneno ya alasiri. Karibu kila kinachomkera mgeni kwenye IRC kinatokana na hilo, na mgeni asiyelijua hudhani programu yake mbovu.

Kwanza, uende wapi

IRC si kampuni wala tovuti. Ni itifaki, yaani kanuni za namna programu yako na seva zinavyosemezana, na zilichapishwa Mei 1993 katika waraka unaoitwa RFC 1459. Mtu yeyote anaruhusiwa kuendesha seva yake. Seva kadhaa zikiunganishwa zinakuwa mtandao, na mtandao mmoja hauna habari na mwingine. Jina ulilosajili huku halijulikani kule, na chaneli, yaani chumba cha mazungumzo, yenye jina lilelile kwenye mtandao wa pili ni watu wengine kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia “tuko IRC”, muulize: mtandao gani?

Kwa anayejifunza programu napendekeza Libera.Chat, anwani irc.libera.chat. Ulianzishwa Mei 2021 na watu waliokuwa wakiendesha mtandao wa freenode kwa kujitolea, walipoondoka kule kwa pamoja. Ukiwa na shida ya Debian, elekea OFTC, anwani irc.oftc.net.

Programu ya kuingilia isikuumize kichwa. Siku ya kwanza tumia kivinjari, fungua web.libera.chat, andika jina, umeingia. Ukizoea, kwenye Windows kuna mIRC, aliyoitoa Khaled Mardam-Bey mwaka 1995 na ambayo ni ya kulipia baada ya muda wa majaribio. Kwenye Linux kuna irssi na WeeChat kwa wanaopenda skrini nyeusi, Konversation au Quassel kwa wanaopenda madirisha. HexChat bado utaikuta kwenye kompyuta nyingi, lakini toleo lake la mwisho lilitoka 2024 na mwenye kuitunza akasema basi, kwa hiyo usianze nayo leo. Kwenye Android, Goguma ni nyepesi.

Ukiulizwa namba ya mlango, weka 6697 na uwashe TLS, ili maneno yasiweze kusomwa njiani kati yako na seva. Namba 6667 ndiyo ya zamani, inapitisha kila kitu wazi, na kwenye Wi-Fi ya mgahawa sikushauri. Kama mtandao wa ofisi au chuo umefunga 6697, Libera inapokea TLS kwenye 7000 na 7070 pia.

Pili, jina

Jina la kwenye IRC watu huliita niki. Lisianze na tarakimu, lisiwe na nafasi katikati, na kwenye Libera lisizidi herufi 16. Waraka wa 1993 ulitoa herufi tisa tu, kwa hiyo tumepanuliwa. Seva ikikujibu namba 433, niki hiyo ina mtu tayari. Ongeza kitu mwishoni, uendelee.

Kitakachokushangaza ni kwamba unaingia bila nenosiri. Niki ni yako kwa muda uliopo tu. Ukitoka, mwingine anaweza kuichukua. Ukitaka iwe yako, unaisajili kwa huduma inayoitwa NickServ:

/msg NickServ REGISTER nenosiri baruapepe

Utapokea barua yenye amri ya kuthibitisha, unainakili ulivyoipata, basi. Hapa nina onyo. Amri za IRC huanza na mkwaju (/), na mkwaju lazima uwe herufi ya kwanza kabisa. Ukiacha nafasi ndogo mbele yake, baadhi ya programu zinaichukua kama maneno ya kawaida na kuimwaga kwenye chaneli, nenosiri lako likiwemo, mbele ya watu mia tisa. Kwa hiyo amri zote za NickServ ziandike kwenye dirisha la seva, si ndani ya chaneli. Baadaye washa SASL kwenye mipangilio ya programu: inatoa nenosiri wakati wa kuunga, kabla hujaingia popote, na hutalazimika kulichapa tena.

Tatu, tazama mistari yenyewe

Hatua hii wengi wanairuka, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kama una laptop yenye Linux, achana na programu ya kuchati kwa dakika kumi, ongea na seva mwenyewe:

openssl s_client -quiet -crlf -connect irc.libera.chat:6697

Hilo neno -quiet usilisahau. Bila hilo, mstari wowote unaoanza na Q kubwa unakukatia mawasiliano, na unaoanza na R kubwa unaleta vurugu nyingine. Seva ikishaanza kukutupia maneno, jibu upesi kwa mistari hii miwili, maana haikusubiri sana:

NICK mwanatanga
USER mwanatanga 0 * :Mtu wa Tanga

Itakuja mistari mingi yenye namba. 001 ni karibu, umepokelewa. 372 inayojirudia ni tangazo la wenye mtandao, na 376 inasema tangazo limekwisha. Sasa ingia chaneli ya mazoezi. Alama ya reli, ileile unayomalizia menyu ya salio, ndiyo inayotambulisha chaneli. Kwenye Libera reli mbili ni za chaneli za mada ambazo si za mradi rasmi, kwa hiyo tunatumia mbili:

JOIN ##mazoezi-tanga

Kama haikuwa na mtu, umeifungua wewe, na kwenye orodha ya waliomo, namba 353, jina lako litatanguliwa na @. Maana yake wewe ndiye opereta, msimamizi wa chaneli. Sema neno:

PRIVMSG ##mazoezi-tanga :Hodi wenyeji

Kaa hapo kidogo bila kugusa kitu. Baada ya muda seva itakuandikia PING na jina fulani baada ya nukta mbili. Inauliza: upo? Jibu ni PONG na jina lilelile. Usipojibu, itakuhesabu umekufa na kukutoa, na waliobaki wataona umeondoka kwa sababu ya “Ping timeout”. Programu za kawaida hujibu zenyewe, ndiyo maana hujawahi kuiona.

Sasa umeona mashine yote ilivyo. Kuingia chaneli ni mstari mmoja. Kusema ni mstari mmoja. Kumwandikia mtu faragha ni PRIVMSG ileile, ila badala ya jina la chaneli unaweka niki yake. Hata /me inayotoa “mwanatanga anacheka” ni PRIVMSG yenye neno ACTION lililofichwa ndani. Amri za mkwaju unazoandika kwenye programu, /join, /msg, /part, /topic, zinageuzwa kuwa mistari kama hii kabla hazijaondoka kwako.

Mstari mmoja una kikomo cha baiti 512, humo yakihesabika jina lako, anwani yako, jina la chaneli na alama mbili za kufunga mstari. Kiswahili kinatubeba vizuri hapa, kwa kuwa herufi zetu ni baiti moja moja. Emoji moja ya kucheka ni nne. Ile ritifaa iliyopinda ambayo simu hukuwekea kwenye ng’ombe ni tatu, na ya kawaida iliyonyooka ni moja. Ukiandika aya ndefu, programu nzuri inaikata vipande viwili, na isiyo nzuri inaupoteza mkia wake kimyakimya.

Nne, salamu na swali

Hapa ndipo malezi yetu yanapogongana na ya kule. Kijana mmoja wa Chumbageni alikuja na simu mkononi: “Shikamoo kaka. Hawa watu mbona hawaitikii salamu?” Nikamwambia marahaba, nionyeshe. Alikuwa ameandika hello. Dakika mbili, kimya. Akaandika how are you. Kimya. Akaandika anybody here, akasubiri kidogo, akaondoka. Orodha pembeni ilikuwa na watu zaidi ya mia saba.

Tanga mtu hadondoki na shida yake kabla ya hodi, shikamoo na habari za nyumbani. Atakayefanya hivyo ataonekana hana adabu. Kwenye IRC mtu wa mbali yuko kazini, dirisha la chaneli liko nyuma ya mengine kumi, anachungulia mara mojamoja. Akiona hello tupu hana cha kujibu. Akiona anybody here, ajue vipi kama yeye ndiye anayetakiwa? Mimi sisemi salamu iachwe, maana kuiacha kunaniwasha. Weka salamu na swali katika mstari mmoja: umejaribu nini, ulitegemea nini, umeona nini, toleo gani la programu. Kisha kaa. Usiombe ruhusa ya kuuliza, uliza.

Na kukaa maana yake kukaa. Jibu likija baada ya dakika arobaini na wewe umetoka, limepita hewani, seva haikukuwekea. Hapa Tanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo, na ukitazama mistari ya wanaoingia na kutoka kwenye chaneli kubwa utadhani uliandikiwa wao.

Saa nazo zina maana. Saa nne asubuhi yetu, New York ni saa nane au saa tisa usiku, wamelala. Kuanzia saa kumi jioni Ulaya bado wako kazini na Marekani ya mashariki wanaamka, na hali inabaki nzuri hadi usiku wetu wa manane. Kijana wa Chumbageni aliuliza tena saa tatu usiku, mstari mmoja, na jibu likaja hata kabla hajakaa sawa.

Msimbo wenye mistari thelathini usiubandike chaneli. Seva itaona unafurika, itakukata kwa maneno “Excess Flood”, na wenyeji watakuwa wamekasirika kabla hiyo. Uweke kwenye tovuti ya kubandikia, ulete kiungo. Ukimjibu mtu fulani, anza na niki yake: andika herufi zake mbili tatu za mwanzo na ubonyeze Tab, itajimalizia, na kwake itawaka rangi.

Na kabla ya yote soma mada ya chaneli, ule mstari unaokupokea ukiingia. Mara nyingi jibu lako liko hapo.

Mlango ukikataa

Soma namba, usisome kelele. 473 ni chaneli ya kualikwa. 475 inataka neno la siri. 471 imejaa. 474 umepigwa marufuku. 477 kwenye Libera inataka uwe umeingia kwa akaunti yako ya NickServ, na hii ndiyo wageni hukutana nayo zaidi, kwa hiyo rudi hatua ya pili. 404 inasema umo ndani lakini huruhusiwi kusema. Chaneli inaweza kuwa imewekewa +m, ambapo wanaozungumza ni wenye @ na wenye + mbele ya majina yao tu.

Marufuku inahitaji maneno zaidi, kwa sababu inaweza kukukuta bila kosa. Kila mtu kwenye IRC ana utambulisho wa sehemu tatu, niki!mtumiaji@anwani, na opereta akimfungia mkorofi huwa anafungia anwani, maana niki hubadilishwa kwa sekunde moja. Sasa, kampuni za simu kwa kawaida huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje. Mkorofi mmoja akifungiwa, wewe uliyejikalia zako Ngamiani unakuta mlango umefungwa. Dawa ni kuingia kwa SASL na niki iliyosajiliwa, kisha kumwandikia opereta faragha kwa upole. Ukiona chaneli ya Libera haina @ hata moja usidhani haina wenyewe. Maopereta wengi wa huko hukaa bila alama mpaka itakapohitajika.

Simu, umeme na mgawanyiko

Ukizima skrini ya simu, Android baada ya muda huilaza programu. PING inakuja, hakuna wa kujibu, umetolewa. Iruhusu programu ifanye kazi nyuma ya pazia kwenye mipangilio ya betri, au kubali kwamba simu ni ya kuchungulia tu. Umeme ukikatika na ruta ikazima ni hivyohivyo: ukirudi utakuta niki yako bado inashikiliwa na wewe wa zamani, ambaye seva haijagundua kwamba hayupo. Subiri, au tumia NickServ kumtoa.

Kuna siku utaona watu hamsini wanaondoka kwa mpigo, na kwenye Libera sababu iliyoandikwa ni *.net *.split. Hawajagomba. Seva za mtandao zimeunganishwa kama mti wenye matawi, na kati ya seva mbili ipo njia moja tu. Njia hiyo ikikatika mtandao unakuwa vipande viwili, kila kipande kikiwaona wa upande wa pili kama wameondoka. Wao nao wanakuona wewe umeondoka. Usiulize chaneli nzima kuna nini. Watarudi wote kwa mpigo pia, ila yaliyosemwa kila upande wakati wa kutengana hayatahama.

Faragha

TLS inalinda njia kati yako na seva. Ndani ya seva maneno yako yapo wazi, hata ya faragha, na kwa mtu wa upande wa pili yanaweza kuteremka bila ulinzi kama yeye hakuwasha. Namba ya siri ya pesa za simu, nenosiri, picha ya kitambulisho, hapana. Nilisema seva haitunzi, lakini kila aliyemo anaweza kutunza kwenye mashine yake, na chaneli nyingine zina roboti inayochapisha kila mstari hadharani. Mada ya chaneli kwa kawaida itakwambia.

Andika /whois na niki yako uone wengine wanaona nini. Kama haujasajiliwa, pengine utakuta anwani yako ya intaneti imekaa hapo wazi. Mitandao mingi hukupa kifuniko cha kuficha anwani hiyo ukisajili, omba. Na mtu usiyemjua akikuletea faili kwa DCC, kataa. DCC haipiti kwenye seva, inaunganisha mashine yenu moja kwa moja, kwa hiyo hata kabla ya kufikiria virusi tayari anwani imejulikana.

Ukitaka kubaki hata ukizima

Kwa anayekerwa na kukosa yaliyopita, kuna programu ya katikati inayokaa kwenye kompyuta isiyozimwa, inabaki chaneli kwa niaba yako, na kukusomea uliyokosa ukirudi. ZNC ndiyo ya siku nyingi, soju ni mpya na inaelewana vizuri na Goguma. Inahitaji seva ya kukodi ya bei ndogo, au kompyuta kuukuu nyumbani yenye umeme wa uhakika, na hapo kila mtu anaujua umeme wa mtaa wake. Watatu au wanne mnaweza kuchangia moja, kila mtu na akaunti yake. Lakini usiikimbilie mwezi wa kwanza. Chaneli moja, kivinjari, na jioni za kukaa zinatosha.

Ukimaliza andika /quit na neno la kuaga, kwa mfano /quit nalala, na ndilo watakaloliona. /part inakutoa chaneli moja tu, bado uko kwenye mtandao. Ukifunga programu ghafla nayo inafanya kazi, ila waliobaki wataona umekatika, na aliyekuwa katikati ya kukuandikia jibu hatajua kama asubiri.